Paa wa Mnarani

Kila siku ya shule, nyumba ya fundi wa kuezeka iliamshwa na kelele za aina mbili: misumari ikimwagwa ndani ya debe, na binti yake. Misumari ilinyamaza mapema. Binti hakunyamaza. Alisema akipiga mswaki, akasema akifagia ua, akasema akifunga kamba za viatu, na alipokosa mtu wa kumsikiliza alimsimulia kuku. Ndiyo maana mtaa mzima, kuanzia muuza mkaa hadi mwalimu mkuu, ulimwita Redio. Mama yake naye akaitwa Mama Redio, jina ambalo hakuliomba.

"Redio, zima kidogo," mama alisema asubuhi moja, misumari miwili ikiwa imebanwa midomoni. "Nikimeza msumari kwa sababu yako, utanizika wewe."

"Nitasema maneno mazuri sana kwenye mazishi, Mama."

"Hilo ndilo linalonitisha."

Wakatoka pamoja. Redio alimbebea mama yake mfuko wa vifaa mpaka njia panda. Hapo mama alielekea kwenye nyumba za watu kupanda juu ya mabati, na Redio akaelekea shuleni, akipita kwenye uwanja wa mnara.

Mnara ule ulisimama peke yake katikati ya uwanja kama mtu aliyeachwa na wenzake safarini. Zamani ulikuwa mnara wa kengele wa kanisa la parokia. Kanisa lilipopasuka nyufa, parokia ilihamia kwenye jengo jipya kando ya barabara kuu, ikaondoka na kengele yake. Kuta za kanisa la zamani zikabomolewa kabla hata mama yake Redio hajazaliwa. Mawe yake hayakupotea. Ukitaka kuyaona, tazama msingi wa ofisi ya baraza la mji, tazama uzio wa nyumba ya mwenyekiti, tazama choo cha soko. Mnara ulibaki kwa sababu kuta zake zilikuwa nene mno, hata waliozoea kujichotea mawe walichoka. Kila mtu alijua kwamba palikuwa na kanisa. Hakuna aliyejiuliza lilisimama upande gani.

Mnara ulijengwa enzi ambazo kila nyumba ililazimishwa kutoa mtu, na mtu huyo akatoa mgongo. Watu hao waliyachimba mawe bondeni, wakayapandisha kilimani, wakayachonga, wakayapanga kwa chokaa. Mawe makubwa wakayaweka kwenye kona ili kuta zishikane. Madirisha wakayafanya membamba, yenye matao juu, ili uzito wa ukuta uteremke pembeni na usiukandamize uwazi. Ndani wakajenga ngazi za kuzunguka, zinazokupandisha huku zikikutia kizunguzungu, mpaka kwenye boriti nene ilipokuwa ikining'inia kengele. Mkono wa mtu hauwezi kupitisha hata wembe kati ya jiwe na jiwe. Kazi ya namna hiyo haifanywi na mtu asiyejua anachofanya.

Sasa soma bamba la shaba lililopo juu ya mlango. Yupo aliyetoa amri. Yupo aliyebariki. Yupo aliyekata utepe, na yupo mke wa aliyekata utepe, ambaye siku hiyo alikuwa amemshikia mumewe mwavuli. Mshika mwavuli kaandikwa kwa herufi kubwa. Mbeba mawe hayumo hata mmoja.

Chumba cha chini cha mnara kilikuwa sasa maktaba ya watoto. Darini palikuwa na tundu la mviringo ambamo zamani ilipita kamba ya kengele. Siku hizi tundu hilo lilipitisha mavi ya popo, kwa hiyo wasomaji wote walibanana pembeni na katikati hapakukaa mtu, isipokuwa mgeni.

Na nje, kwenye ukuta uliotazama mti mkubwa wa kivuli, palikuwa na vitu vitatu vya ajabu. Cha kwanza, alama mbili za mshazari zilizopanda kutoka kushoto na kulia zikakutana juu, mfano wa kofia ya karatasi. Cha pili, matundu ya mraba yaliyofuata alama hizo moja baada ya jingine. Cha tatu, karibu na mwisho wa alama ya kushoto, juu kidogo ya mlango, jiwe lililochongwa neno moja: PAA.

Ni neno hilo lililomponza Redio.

Siku moja akiwa maktabani, aliulizwa na wanafunzi wa shule nyingine waliokuja kusoma vitabu. "Dada, lile neno pale ni la nini?" Redio hakuwa na habari yoyote. Lakini macho yote yalikuwa kwake, na mdomo wake ukaanza kazi kabla ya kichwa kuamka.

"Ah, hamjui? Ni kumbukumbu ya paa. Mnyama paa, yule mwenye miguu kama vijiti. Alifukuzwa na mbwa, akaingia mnarani, akapanda ngazi za kuzunguka mpaka juu. Akaipiga kengele kwa pembe zake usiku wa manane, watu wakaamka, wakakuta moto unakaribia nyumba zao. Paa aliuokoa mji huu."

Wageni wakaachama. Mmoja akalia. Redio alirudi nyumbani kichwa kimemvimba kama mkate uliowekwa hamira.

Wiki iliyofuata hadithi ilikuwa imenenepa. Paa alikuwa mjamzito. Wiki nyingine alikuwa mjamzito na kilema. Watoto walipouliza kuhusu matundu ya mraba, Redio alisema bila kupepesa jicho, "Nyayo. Alipokuwa akishuka alipitia nje."

Mtu mmoja tu ndiye aliyemsumbua. Huyo alikuwa mwanafunzi mwenzake, kijana mwembamba aliyeanza kila sentensi kwa neno moja, mpaka darasa zima likampa jina hilo: Mbona.

"Mbona kwato zake zilikuwa za mraba?" aliuliza Mbona.

"Paa wa zamani."

"Mbona aligonga kwa pembe, na paa jike hana pembe?"

"Huyu alikuwa nazo. Ndiyo maana akakumbukwa."

"Mbona isiwe ni kupaa? Kupaa mbinguni, si lilikuwa kanisa?"

"Ingeandikwa kupaa, bwana. Hapo pana ku-? Nionyeshe ku-."

Mbona hakuona ku- yoyote, akaondoka, lakini kwa mwendo wa mtu anayeendelea kuhesabu moyoni.

Sasa sikiliza jinsi uongo mdogo unavyopata ofisi. Baraza la mji liliamua kuukarabati mnara. Mwenyekiti wa baraza akaja kuukagua. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kipaza sauti, anayependa kuzindua vitu. Aliwahi kuzindua hata shimo la taka. Mwalimu wa Kiswahili, ambaye pia alifundisha Historia kwa sababu walimu walikuwa wachache, akamtanguliza Redio ampe mgeni maelezo.

Redio akafungulia. Siku hiyo paa alikuwa mjamzito, kilema na yatima. Mwenyekiti alifuta machozi kwa tai yake.

"Mwalimu," alisema, "mji mzima nimeutafutia alama, kumbe alama ninayo! Miji ya wenzetu ina simba, ina tai. Sisi tuna paa! Nitamwagiza fundi sanamu amjenge kwa saruji, asimame hapa hapa. Ukuta huu mbovu wenye michirizi upigwe lipu, uwe laini, upakwe rangi ya krimu. Na lile jiwe lenye jina la paa likatwe, litolewe, liwekwe chini ya sanamu. Siku ya uzinduzi, binti huyu atasimulia mbele ya watu wote."

"Mimi, Mheshimiwa?" Redio aliuliza.

"Wewe, binti yangu. Una kipaji."

Mwalimu alitabasamu kwa fahari. Redio hakutembea kurudi darasani, alielea. Nyuma yake sauti nyembamba ikasema, "Mbona paa yatima wakati ni mama?" Hakugeuka.

Siku ya kuamkia uzinduzi haikuwa siku ya shule. Mama yake Redio alikuwa nyumbani, jambo la nadra, kwa sababu alikuwa ameamua hatimaye kujenga jiko la nje. Kwa miaka alikuwa akiezeka nyumba za watu huku yeye mwenyewe akipika akiwa amefunika kichwa kwa sufuria mvua ikinyesha. Jiko hilo lingeegemea ukuta wa nyumba. Mama alishika chaki na uzi, akapiga mstari mmoja uliolala, na mwingine wa mshazari uliopanda. Kisha akampa Redio chaki.

"Andika pale chini RAFU. Na kwenye huu wa mshazari andika PAA."

"Kwa nini tuandike, Mama? Si tunajua?"

"Tunajua leo. Kesho nikichelewa, kijana wangu wa kazi atatoboa kwenye rafu aingize mbao za kuezekea, nije nikute jiko lenye urefu wa banda la kuku. Ukutani fundi huandika. Mstari haujui kusema: paa litaegemea hapa."

Redio akaandika R-A-F-U. Akaandika P. Akaandika A. Mkono ukasimama.

"Umesemaje, Mama?"

"Nimesema paa litaegemea hapa."

"Litaegemea."

"Ulitaka liruke?"

Redio alirudi nyuma hatua moja, akautazama ukuta. Mstari wa mshazari. Chini ya mstari, alama alizoweka mama mahali pa kutoboa matundu ya mbao. Na pembeni, karibu kabisa na mwisho wa mstari, herufi mbili za neno ambalo halijamalizika. Chaki ikamponyoka.

"Redio? Mbona umezimika? Betri zimeisha?"

"Mama," Redio alisema kwa sauti ndogo ambayo mama yake hakuwahi kuisikia, "lile paa la mnarani si huyu. Ni hili."

Akamwaga yote: mbwa, moto, mimba, kilema, uyatima, mwenyekiti, lipu, jiwe la kukatwa. Mama alisikiliza akiwa ameshika uzi. Mwanzoni midomo ilimchezacheza kwa kicheko, hasa kwenye mimba. Lakini jiwe la kukatwa lilipotajwa, kicheko kilikufa.

"Kanisa lilikuwa limeungana na mnara upande ule," Redio alisema. "Michirizi ile ndipo paa la kanisa lilipoegemea. Yale matundu ni ya boriti. Na waliokuwa wakijenga waliandika wasije wakakosea. Sivyo, Mama?"

"Ndivyo." Mama alikaa juu ya ndoo. "Mama yake bibi yangu alipandisha chokaa kwenye kilima kile akiwa na mtoto mgongoni. Bibi alikuwa akituambia mnara ule una migongo ya watu ndani yake. Nenda kasome shaba yao mlangoni umtafute. Utakuta mwavuli."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Uliniuliza lini? Redio huwa inauliza? Redio inasema tu."

Redio aliinamisha kichwa. "Nikisema ukweli kesho, watanicheka mpaka nimalize shule. Wataniita Paa."

"Watakuita."

"Na Mwalimu ataaibika. Na mwenyekiti ameshamjenga mnyama wake, amekauka tayari."

"Nimesikia."

"Basi nifanyeje, Mama?"

Mama aliokota chaki, akamrudishia. "Mimi natengeneza mapaa. Midomo sitengenezi. Malizia neno lako hapo tuendelee na kazi."

Kesho yake uwanja ulijaa. Wanafunzi walipangwa kwa mistari, wakubwa walikaa chini ya turubai, na katikati kilisimama kitu kirefu kilichofunikwa shuka. Kwenye ukuta ilikuwa imeegemezwa ngazi, na juu yake fundi mmoja, amevaa kofia ya plastiki, alishika nyundo na tindo la kuchongea mawe, akingoja ishara. Chini yake pipa la lipu lilikuwa limekorogwa tayari. Mwalimu alikuwa amevaa suti. Mama yake Redio alisimama nyuma ya umati na nguo zake za kazi.

Mwenyekiti alivuta shuka.

Watu wakanyoosha shingo. Fundi sanamu alikuwa mtu mwenye bidii, lakini paa hakuwahi kumwona. Alikuwa amesikia tu kwamba ni mjamzito, ana pembe, na ni kilema. Alichokijenga kilikuwa na tumbo la pipa, masikio ya sungura na miguu mitatu.

"Mbuzi!" akapiga kelele mtoto mdogo wa chekechea.

"Si mbuzi, ni punda," mwenzake akamsahihisha.

"Ni paa!" mwenyekiti alinguruma. "Binti, simulia!"

Redio akapewa kipaza sauti. Alitazama watu, wakamtazama, na mdomo ukaanza wenyewe kama ulivyozoea. "Zamani za kale, palikuwa na paa..." Watu wakatulia. Ilikuwa rahisi. Ilikuwa tamu. Mbwa wakaanza kumkimbiza paa, paa akafika kwenye ngazi za mnara, na mwenyekiti, akiwa amefumba macho kwa raha, akampungia mkono fundi aliye juu.

Nyundo ikapiga tindo. Ko! Kipande cha jiwe kikaruka, kikaanguka karibu na mguu wa Redio. Akainua macho. Herufi P ilikuwa imemeguka kwenye tumbo lake.

Ko!

"Acha!" Redio alipiga kelele, na kipaza sauti kikaipeleka kelele hiyo mpaka sokoni. "Fundi, acha! Si paa huyu! Ni paa hili!"

Fundi akabaki ameinua nyundo. Mwenyekiti akafumbua macho.

"Unasemaje?"

"Hapakuwa na mnyama, Mheshimiwa. Nilitunga. Mbwa nimetunga, moto nimetunga, mimba nimetunga. Niliulizwa neno ambalo silijui, nikaona aibu kunyamaza. Lile ni paa la nyumba. Paa la kanisa! Liliegemea pale kwenye michirizi."

Uwanja ukalipuka. Wengine walicheka, wengine walizomea, na kutoka mistari ya nyuma mtu akaita, "Redio mbovu!" Mwalimu alijifuta uso kwa mkono wa suti. Redio alitamani ardhi impe nafasi, lakini hakuondoka chini ya ngazi.

"Paa huyu, paa hili," mwenyekiti alisema kwa hasira, "tofauti yake nini? Neno ni lile lile!"

Mwalimu alikohoa. Kwenye mambo ya ngeli hakuweza kujizuia, hata siku ya aibu. "Mheshimiwa, tofauti yake ni mkia."

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti akavimba. "Uthibitisho uko wapi? Jana mtoto huyu alisema hivi, leo anasema vile. Kwa nini niamini ya leo? Fundi, endelea!"

Hapo Redio alilipata pigo lake halisi. Alikuwa anasema kweli, kweli tupu, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kumwamini. Machozi yalimlenga. Fundi akainua nyundo.

"Mbona tusitazame ndani ya tundu?"

Ni yule kijana mwembamba. Hakungoja ruhusa. Aliikwea ngazi upande wa pili, akampita fundi kwapani, akaingiza mkono katika tundu la mraba lililokuwa karibu. Mkono ukazama mpaka kiwiko. Ukazama mpaka bega.

"Kama hii ni alama ya kwato," Mbona alisema huku shavu lake limebanwa na ukuta, "mbona huyu paa alikuwa na mguu wa twiga?"

Hata wakubwa chini ya turubai walicheka. Mbona alipapasa, akavuta, akatikisa. Popo mmoja alitoka ndani, akapita juu ya kichwa cha mwenyekiti, naye mheshimiwa akajificha nyuma ya sanamu. Kisha mkono wa Mbona ukatoka na kipande cha mbao nyeusi, kilichooza upande mmoja, chenye msumari mkubwa wa kufuliwa kwa mkono uliopinda ndani yake. Akamrushia mama yake Redio, ambaye alikuwa ameshafika mbele.

Mama aliupangusa msumari kwa kanga yake, akauinua watu wauone. "Hii ni ncha ya boriti," alisema. "Mwenye shaka aingize mkono kwenye tundu la pili. Hakuna mnyama anayepigiliwa misumari."

Hakuna aliyejitokeza, kwa sababu ya popo. Lakini watu walianza kuutazama ukuta, na walipoutazama waliliona. Ilikuwa kana kwamba mtu amewachorea hewani: pale kuta za kanisa, pale milango, pale wanaume na wanawake wakipandisha mbao, na mmoja wao akiwa ameinama juu ya jiwe akiandika kwa lugha ya nyumbani kwao mahali pa paa kuishia. Kelele zikapungua zenyewe.

Mwenyekiti alitoka nyuma ya sanamu akijikung'uta. Aliwatazama wapiga kura wake, akautazama ukuta, na kwa kuwa mtu wa siasa hujua upepo unapogeuka, akashika kipaza sauti. "Kama nilivyokuwa nikishuku tangu mwanzo," alisema, "ukuta huu ni wa thamani kubwa! Fundi, shuka. Lipu hiyo ipelekwe kwenye choo cha soko. Na natangaza kwamba nimezindua... nimezindua... ukuta!"

Watu wakapiga makofi, wengi kwa kicheko. Mnyama wa saruji alihamishiwa kwenye uwanja wa chekechea, ambako alipandwa na watoto saba kwa mara moja na hakulalamika. Mwalimu alimwita Redio pembeni. Hakumpiga wala hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba kuanzia Jumatatu angefagia chini ya tundu la popo kwa mwezi mzima, na kwamba yeye mwenyewe angemsaidia, kwa sababu alikuwa mwalimu wa Historia aliyesikia hadithi ya paa mjamzito akaipigia makofi bila kuuliza swali hata moja.

Umati ulipotawanyika, Redio na mama yake walibaki chini ya ukuta. Herufi P ilikuwa na jeraha jeupe kwenye tumbo.

"Ile haitarudi," Redio alisema. "Mimi ndiye niliyeimegua."

"Haitarudi," mama alikubali. Hakumbembeleza. "Sikiliza, mwanangu. Walioandikwa kwenye shaba ile walijisemea, wakamsemea na mshika mwavuli wao. Waliobeba mawe haya hawakupewa pa kusema. Mmoja wao alifanikiwa kutuachia neno moja, moja tu, la kazi yake. Wewe ukalikuta, ukalitia pembe na mimba. Uongo wako haukumwibia mwenyekiti, huyo ana maneno ya kutosha. Umemwibia mtu ambaye hayupo kujitetea. Mtu wa namna hiyo ukikutana na neno lake, usimsemee. Uliza. Chunguza. Ukikosa kabisa, sema hujui, halafu endelea kutafuta. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

"Na leo umesimama ukasema kweli huku wanakuzomea. Hilo nalo nimeliona." Mama akamtwisha mfuko wa vifaa. "Twende. Jiko halijaisha."

Jumamosi iliyofuata wageni walikuja tena maktabani. Redio aliwatoa nje, akawaonyesha michirizi ya paa la kanisa, matundu ya boriti, na jiwe lenye neno. Aliwaeleza kuhusu bonde la mawe na kuhusu mama mwenye chokaa kichwani na mtoto mgongoni. Msichana mdogo mwenye meno mawili yaliyong'oka alinyoosha kidole juu.

"Dada, nani aliyeliandika?"

Redio alifungua mdomo. Mbona, aliyekuwa ameegemea mlango, alijisogeza karibu asikie. Jina zuri sana lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi, jina la mtu shujaa, mrefu, labda mwenye kilema kidogo.

Redio akalimeza.

"Sijui," alisema. "Alikuwa fundi, na alijua kuandika, na alisema kama tunavyosema sisi. Hayo ndiyo niliyo na hakika nayo. Jina lake bado ninalitafuta."

Msichana alikunja uso. "Hadithi yenyewe fupi."

"Ni fupi," Redio alikubali. "Lakini ni yake."